Jina la Padri Mhispania

Jina ninaloitwa kwenye karatasi zangu zote si langu. Nalisema hili mwanzoni, asije msomaji akafika katikati na kuona nimemzunguka. Nimewazunguka watu wa kutosha. Jina lenyewe sitaliandika, kwa kuwa kila ninapoliandika ninalitumia tena, nami nimelitumia miaka mingi kuliko ninavyostahili.

Ni jina la Kihispania. Kwetu, milimani Kivu ya Kusini, jina la namna hiyo lilikuwa kituko. Sisi hatukuwa na jina moja linaloshuka kutoka kwa baba kwenda kwa watoto. Kila mtoto alipewa lake: la babu aliyefariki, la rafiki wa baba, au la njaa iliyokuwapo mwaka aliozaliwa. Ndugu watano wa tumbo moja walikuwa na majina matano na hakuna aliyeshangaa. Ukoo tuliujua kwa kuutaja kwa mdomo: baba, babu, baba wa babu, mpaka ufike kwa yule aliyejenga wa kwanza kwenye kilima chenu.

Jirani yangu kambini alikuwa na habari nyingine. Babu yake alikuwa mpishi wa padri Mhispania, kwenye misheni moja ya juu milimani. Padri alipougua homa na kujiona hatapona, alimbatiza mpishi wake na kumwachia jina la ukoo wake mwenyewe, kwa sababu, alisema, hakuwa na mtoto wa kumrithisha. Mpishi alilipokea kama mtu anavyopokea ng'ombe wa urithi. Aliwapa wanawe wote, nao wakawapa wao. Zaire ilipokataza majina ya Kizungu walilifungia ndani, Zaire ilipokufa wakalitoa tena. Jirani alinisimulia hayo tukiwa tumekaa nje ya nyumba yake ya miti na turubai, akacheka na kusema kwamba siku moja atakwenda Hispania kubisha hodi kwa ndugu zake, aone kama watampa kiti.

Kambi ilikuwa Tanzania, upande wa Kigoma. Mimi nilifika uandikishaji umefungwa, nina mke na watoto wawili wadogo, wa kiume na wa kike, bila kadi ya posho. Jirani alitugawia unga wake, ingawa naye alikuwa na mke na watoto wawili. Kisha ikaja habari kwamba ng'ambo ya ziwa vita vimetulia, akaamua kuvuka na familia yake kwenda kuangalia mashamba. Kadi aliniachia. Wakati ule kadi hazikuwa na picha. Yake ilikuwa na jina la mume, jina la mke, na idadi ya vichwa. Vichwa vinne.

"Kuleni," alisema. "Tukirudi tutaangalia."

Miezi ikapita hawajarudi. Asubuhi moja jina lake likabandikwa kwenye ubao wa ofisi, katika orodha ya walioitwa kuhojiwa ili wapelekwe Amerika. Nililisoma mara tatu. Nilipomwambia mke wangu, hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza jina la mke wa jirani limeandikwaje kwenye kadi, kisha akawa analisema chini chini huku akichambua maharagwe, ili mdomo ulizoee.

Ndivyo ilivyofanyika. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nilijua ninachotia sahihi.

Tulipelekwa Louisville, jimbo la Kentucky, na baadaye tukapata nyumba kitongoji cha Shively, karibu na kanisa la watu wetu. Kutoka kwa mkimbizi mmoja aliyekuja nyuma yetu nilisikia kwamba jirani alirudi kambini. Alikwenda ofisini kutaja jina lake, akaambiwa mwenye jina hilo ameshasafiri. Walimwona yeye ndiye mwongo. Alikaa bila kadi, akaugua, akafa. Habari za mkewe na watoto huyo mtu hakuwa nazo, nami sikumwuliza mara mbili. Nilimwambia mke wangu, naye akaacha kula nyama kwa muda, bila kueleza kwa nini. Alifariki miaka michache kabla ya mambo ninayotaka kuyasimulia. Jiwe la kaburi lake, kule Louisville, lina jina la mke wa jirani. Wakati wa kulichonga niliulizwa kama herufi ziko sawa, nikasema ziko sawa.

Amerika ilinidhania Mhispania. Barua zilikuja kwa Kihispania. Watu wa kuuza bima walinipigia simu na kunisemesha haraka haraka, na nilipojibu walinyamaza kama watu walioingia nyumba isiyo yao. Kwenye ghala nilikofanya kazi ya kupanga vifurushi kulikuwa na mzee mmoja wa Kuba, mcheshi, mwenye tumbo kubwa. Mwaka 2014, siku moja wakati wa chakula, alikuja na kukaa mbele yangu. Tuliongea Kiingereza chetu cha ghalani, ambacho Mwingereza asingekielewa.

"Niambie ukweli," alisema. "Hilo jina la kwenye kitambulisho chako umelipata wapi? Mama yangu alizaliwa nalo."

Nikamwambia limetoka kwa padri.

"Padri," alisema, na kucheka mpaka msimamizi akageuka. "Mimi nimesoma kidogo, ndugu yangu, na najua padri hana watoto. Huyo wenu alikuwa padri wa namna gani?"

Nikamweleza habari ya mpishi. Hapo akaacha kucheka. Alirarua ubavu wa boksi, akatoa kalamu ya wino mnene na kuchora. Akachora Hispania, na kaskazini yake milima. Katikati ya milima akaweka nukta. Hicho ni kijiji, alisema, na jina hili ni jina la kijiji. Kila anayelibeba duniani, mzee wake wa kwanza alitoka hapo au alilipewa na mtu aliyetoka hapo. Kutoka kwenye nukta akavuta mstari mpaka Kuba: huo ni wa askari. Mwingine mpaka Meksiko: huo ni wa mfanyabiashara. Mwingine mrefu, ukazunguka boksi lote mpaka Ufilipino, na huo alisema ni wa mapadri, wenzake yule padri wenu. Kisha akavuta mmoja kushuka Afrika.

"Jina halina miguu," alisema. "Ukiliona mahali, jua kuna mtu alilibeba mpaka hapo. Haya, kutoka Kongo limekwenda wapi?"

Nikaweka nukta Louisville. Mwanangu alikuwa anaishi Columbus, Ohio, nyumba za kupanga za Northland karibu na barabara ya Morse, nikaweka nukta na huko.

"Na wengine?"

"Hakuna wengine."

Alinitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. "Wapo," alisema. "Jina kama hili halikomi. Ngoja tu, watakutafuta."

Alisema kwa wema. Lakini tangu siku ile, kila nilipoona gari nisilolijua limesimama mbele ya nyumba, nilikaa mbali na dirisha mpaka liondoke.

Mwaka uliofuata makwaya ya makanisa yetu yalikutana Columbus. Walikuja watu wa Kentucky, wa Michigan, wa New York, na kila mwimbaji alibandikwa kifuani karatasi yenye jina lake lote. Jumapili jioni mwanangu alinipigia simu. Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliongea kama mtu aliyekimbia.

"Papa, nimekutana na mtu mwenye jina letu. Dada mmoja wa kwaya ya Buffalo. Alisoma karatasi yangu akanifuata mpaka kwenye foleni ya chakula, akasema, kaka, hilo jina umeliiba wapi?"

"Akasema hivyo?"

"Ni mzaha, Papa. Iko mutu wa mizaha. Yuko Buffalo na mama yake. Baba yake alifia kambini. Na sikia sasa, baba yake alikuwa anaitwa kama wewe, mpaka jina la kwanza. Anasema ninyi ni wajina, lazima mliitwa kwa mzee mmoja. Papa, kwa nini hukutuambia tuna ndugu?"

Nilimwambia Kongo ni kubwa na majina hufanana.

"Kongo ni kubwa," alisema, "lakini si kwa jina hilo."

Walianza kwa kuitana ndugu. Baadaye nikaanza kusikia kwamba mwanangu ameendesha gari mpaka Buffalo, kisha amekwenda tena. Mwisho wa mwaka aliniambia wanataka kuoana, na kwamba wazee wa kanisa la Columbus wamewazuia. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama wamepishana vizazi vinne, na wazee walipoona jina moja, tena la ajabu vile, walisema hakuna cha kuchunguza. Mzee wa kanisa alinipigia mwenyewe. Alikuwa mtu mwema, ila alichosikia Ijumaa, Jumapili kilikuwa kimefika kila duka la Northland.

"Muzee," alisema, "hawa watoto wanalia. Wewe ndiye baba, utaje ukoo. Kama babu zao ni mbalimbali, donc basi, hakuna neno. Kama ni mmoja, tuwaombee wasahau."

Nilisema nitafikiri. Nilikuwa na wakati wa kutosha wa kufikiri, na nilichofanya ni kungoja jambo life lenyewe.

Halikufa. Yule binti wa Buffalo akaanza kunipigia. Alikuwa na sauti ya furaha na aliniita Papa tangu siku ya kwanza. Kila wiki alileta swali, na kila swali lilikuwa la mama yake.

"Papa, Mama anauliza kilima chenu ni kipi."

Nikamtajia kilima cha jirani.

Wiki ya pili: "Mama anauliza kambini mulikaa kijiji gani."

Nikasema nimesahau, palikuwa na vijiji vingi.

Wiki ya tatu: "Mama anauliza mke wako alikufa na ugonjwa gani. Tena anauliza alizikwa wapi."

"Mama yako anapenda kujua mambo," nilisema.

"Eh, Papa, huyo ni polisi," alisema akicheka. "Mimi mwenyewe akinituma sukari ananiuliza duka lilikuwa na watu wangapi."

Nilijibu kwamba ugonjwa ulikuwa wa moyo na kaburi liko Louisville. Baada ya hapo maswali yalikoma, na kukoma kwake kuliniogopesha kuliko yalivyokuwa yakija. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba mke wa jirani yuko hai na ananijua. Kwa nilivyosikia baadaye, aliingia Amerika kwa faili la kaka yake, kwa jina jingine la nyumbani kwao, maana lile la kwanza lilikuwa limeshasafiri. Angeweza kwenda ofisi yoyote Buffalo na kusema. Hakwenda. Badala yake alituma neno Columbus: atawapokea watu wa posa, lakini baba wa kijana aje mwenyewe, na ukoo autaje kwa mdomo wake.

Hilo si desturi. Kwetu baba hukaa nyumbani na kusemewa. Mzee wa kanisa alishangaa, lakini akasema mjane ana haki ya kutaka neno la uhakika. Mimi sikushangaa. Binti yangu, ninayeishi naye Shively, alikuwa ameshaapa uraia na ana watoto wawili wanaosoma. Alipokuja Amerika alikuwa mdogo mno kukumbuka kitu. Nilimtazama akiwafunga watoto makoti asubuhi, wao wakimjibu kwa Kiingereza bila kumwangalia, nikawa naona kila kitu katika nyumba ile kimesimama juu ya ile kadi ya vichwa vinne.

Nilipanda basi mpaka Columbus mwezi wa tatu 2016. Kesho yake tulikwenda Buffalo watatu, mwanangu akiendesha, mzee wa kanisa mbele, mimi nyuma. Mwanangu alikuwa amevaa suti na alikuwa na moyo mwepesi. Njiani alinipa yeye mwenyewe pa kutokea.

"Papa, si inawezekana yule padri alibatiza watu wawili? Akawapa wote jina. Donc hatuna damu moja."

"Hiyo inatosha," alisema mzee wa kanisa. "Kama ni hivyo, sema hivyo, tutakula mapema."

Nikashika hapo. Saa nzima kando ya ziwa la Erie nilijizoeza: padri alibatiza watu wawili, mpishi na seremala, mimi ni wa seremala. Ulikuwa uongo mdogo ambao ungewapa watoto ndoa, na kunipa mimi usingizi. Ziwa upande wa kushoto lilikuwa bado na barafu kwenye kingo, la kijivu, bila ng'ambo. Nililitazama mpaka nikalazimika kugeuza uso.

Walikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao. Aliyefungua mlango alikuwa yeye. Alikuwa amezeeka na amenenepa, ila macho ni yale yale yaliyokuwa yakinipimia unga. Alimsalimia mzee wa kanisa, akamsalimia mwanangu, na mimi akanisalimia kwa jina la mumewe, lote, polepole, kama mtu anayeweka vyombo mezani kimoja kimoja.

Chakula kilikuwa tayari kimefunikwa. Kwetu wageni wa posa hawali kabla neno halijaisha. Harufu ya sombe ya majani ya muhogo na ya ndagala, dagaa wa kwetu, ilijaa chumba. Binti alikuwa jikoni, mlango wazi nusu, na kivuli chake kilionekana sakafuni.

"Mumetoka mbali," alisema mama. "Barabara ilikuwa muzuri?"

"Muzuri, Mama," alisema mzee wa kanisa. "Ila theluji yenu. Ninyi watu wa Buffalo munafanya nini na theluji yote hii?"

"Tunaingoja. Kila kitu kinaondoka, mutu akijua kungoja."

Mzee wa kanisa akasimama na kusema maneno ya posa. Alisema ng'ombe wetu amepotea, tumefuata nyayo tangu Ohio, na zimeishia kwenye mlango huu. Mwanangu akatabasamu akiangalia magoti yake.

"Ng'ombe ana alama," alijibu mama. "Kabla ya kusema ni wako, tusome alama. Bwana yangu aliyekufa alikuwa mutoto wa katekista. Katekista alikuwa mutoto wa mpishi wa padri Mhispania. Huyo padri alifia mikononi mwa mpishi. Alibatiza watu wengi, lakini jina lake aliachia mutu mumoja, na ilikuwa siku ya kufa kwake. Hakuna wa pili. Mutu mwenye jina hili ni wa mpishi, ao basi jina si lake." Hapo ndipo aliponitazama. "Sasa, Bwana, baba yako ni nani?"

Seremala wangu alinifia kinywani. Zilibaki njia mbili, na yeye alikuwa amezifagia zote mbili zionekane wazi. Ningetaja jina la baba yangu mzazi, mkulima wa kilima cha pili ambaye hakuwahi kumwona padri wa Hispania. Jina hilo lingenivua nguo mbele ya mwanangu na mbele ya mdomo wa mzee wa kanisa, lakini lingesema pia kwamba hawa watoto si ndugu. Au ningejiingiza kwa mpishi. Nilisikia friji ikinguruma jikoni. Niliwaza wajukuu wangu na makoti yao. Ninaandika kwamba niliwaza wajukuu, na ni kweli, lakini nilijiwaza mimi kwanza.

"Baba yangu na katekista," nilisema, "ni wa baba mmoja. Mpishi."

Mwanangu aligeuka kunitazama. Mzee wa kanisa alishusha pumzi.

"Umesema mwenyewe," alisema mama.

"Nimesema."

"Mbele ya mutumishi wa Mungu na mbele ya mutoto wako."

"Ndiyo, Mama."

Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyaga kitu kinachochoma na hataki wageni waone. "Bon," alisema. "Donc hawa ni ndugu. Hapa hakuna posa, kuna kusalimiana." Akamwita binti yake. "Kuja musalimie baba yako mudogo."

Binti alitoka jikoni na macho mekundu. Alinipa mikono yote miwili, akainama, na kuniita baba mdogo. Mikono yake ilikuwa na maji bado. Kisha mama akaondoa vifuniko vya sahani kimoja baada ya kingine na kusema ndugu hawakatai chakula. Tulikula. Mimi nilikula mpaka nikamaliza, kwa sababu niliogopa kuacha.

Wakati wa kuondoka alinifuata kwenye korido ya ngazi, akiwa ameshika koti langu. Wengine walikuwa wameshashuka.

"Nasikia walinizika Louisville," alisema.

Nilinyosha mkono kuchukua koti, hakuliachia.

"Nani alilia?"

"Watoto."

"Watoto wako."

"Wangu."

"Ni vizuri. Si kila mutu analiliwa kabla ya kufa." Alinisaidia kuvaa koti, mkono mmoja kisha wa pili, kama mke anavyofanya. "Bwana yangu alikuwa anasimama mbele ya ile ofisi kila siku, anataja jina lake, wanacheka. Wanasema, huyo yuko Amerika anakula nyama. Nilikuita uje urudishe jina, ni hilo tu. Sikutaka polisi, sikutaka kitu. Mutoto wako ni muzuri, ningempa binti yangu leo leo. Ulikuwa na jina moja tu la kusema, la baba yako."

Akarudi ndani, na kufuli ikageuka mara mbili.

Njia yote ya kurudi mzee wa kanisa alimfariji mwanangu, akisema Mungu ametuepusha na aibu kubwa. Mwanangu aliendesha tu. Tulipofika Columbus alinibebea mkoba mpaka kwenye basi, akaniambia safari njema, akasubiri mpaka basi limeondoka, kama alivyofundishwa na mama yake.

Nilikaa na neno lile miezi mitatu. Mwezi wa sita nilirudi Columbus bila kumwambia nakuja. Tulikaa kwenye ngazi za nyumba yake, mabasi ya jiji yakipita barabarani, nikamwambia yote, tangu ubao wa ofisi mpaka korido. Hakupaza sauti.

"Kwa hiyo si ndugu yangu," alisema.

"Si ndugu yako."

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipopiga simu."

Alihesabu kitu kwa vidole, akaacha. "Papa, miezi mitatu mi namwita dada. Kwa simu. Mi namwambia, dada, umeamkaje."

Siku ile ile aliingia garini na kwenda Buffalo. Alichoambiwa huko alinieleza baadaye, kwa maneno machache. Binti alikuwa ameshajua. Mama yake alimwambia jioni ile ile, walipokuwa wakiosha sahani zetu, hata kabla hatujapita Cleveland. Binti alikuwa amengoja aone kama mwanangu atakuja kwa njia yake mwenyewe. Sasa amekuja, lakini ameletwa na ukweli wangu uliochelewa, na yeye alikuwa amefikiri. Alisema damu si neno. Neno ni kwamba wangezaa, na watoto wangeitwa kwa jina la baba yake, na kila akiwaita angejua limewafikia kwa mkono gani.

Nilimwambia na binti yangu. Alinisikiliza akiwa amesimama, akauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu mwingine anayejua. Nilipomwambia nani, aliuliza kama wana anwani yetu. Tangu hapo yeye ndiye anayechukua barua sandukuni. Huzitazama hapo hapo nje, moja moja, kabla ya kuingia. Mpaka leo hakuna aliyebisha hodi, na mama wa Buffalo, kwa ninavyojua, hajasema kwa mtu. Wala sidhani alinyamaza kwa kunisamehe.

Mwaka uliofuata mwanangu alinipigia simu mchana, nikiwa peke yangu nyumbani. Alisema yule binti ameolewa, na mtu wa Burundi wa huko huko Buffalo.

"Umesikia kwa nani?"

"Nimeona picha. Ameshabadilisha jina, anatumia la bwana wake. Hapa wanafanya hivyo."

Nikamwuliza kuhusu yule mwingine, mtoto wa pili wa jirani.

"Huyo alifia kambini, Papa. Mwaka mmoja na baba yake. Hukuuliza?"

Sikuwa nimeuliza.

"Donc limebaki kwetu," alisema. "Huku hakuna mwingine. Umeshinda."

Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayetoa ripoti ya kazi, kisha akaniambia zamu yake inaanza, inabidi aende.